Ngumi ya Prof Kabuya kwenye Ubavu wa Mwadingusha

Likasi, tarehe 27 Juni 2025. Darasa letu limenituma kuandika juu ya Prof Octave Kabuya, nami nimeahidi kusema yote, hata habari ya thermos.

Jumatatu, tarehe 30, Prof Kabuya anastaafu baada ya miaka ishirini na tisa katika shule yetu ya ufugaji. Alipofika, zizi lilikuwa na mabati machache na mbuzi mmoja mkorofi. Leo tuna ng'ombe sita, na watu hutoka mbali, hata Kambove, kuja kuwatazama!

Somo lake kubwa ni mafuta. Alitufundisha kwamba tumboni mwa ng'ombe wanaishi vijidudu wasiohesabika, na hao ndio wanaovunja majani. Baadhi yao hutengeneza gesi ya methane. Ng'ombe anaibeua, sehemu ya nguvu ya chakula inapotea, na gesi hiyo inaongeza joto la dunia. Mafuta kidogo katika chakula huipunguza.

Hatukuamini mpaka tulipoona. Tulitia maji ya tumbo la ng'ombe na majani katika chupa mbili, moja tukaiongezea mafuta ya alizeti, tukaziweka zote kwenye maji ya uvuguvugu na kufunika kila moja kwa baluni. Baluni ya chupa yenye mafuta ilivimba kidogo tu. Tulipiga kelele hadi darasa la jirani likaja kuchungulia! Prof alishangilia pamoja nasi, kisha akatuambia tuyatazame majani yenyewe: yameoza, au bado mazima? Gesi ikipungua kwa sababu vijidudu wote wameshindwa kazi, huo si ushindi. Ng'ombe atashikwa na njaa ilhali tumbo limejaa.

Jambo hilo lilimpata yeye mwenyewe, na kila mwaka analisimulia. Ng'ombe wetu wa kwanza wa maziwa aliitwa Mwadingusha, kama lile bwawa linalotupa umeme, kwa jinsi alivyotoa maziwa. Prof, akiwa na hamu ya kuona gesi inapungua upesi, alimmiminia mawese mengi mno kwenye pumba. Mwadingusha akaacha kula. Kinyesi kikatoka na majani mazima, maziwa yakakatika. Papa Moussa, mkamuaji wetu, alitoka zizini na ndoo tupu akisema, kama mtu aliyekatikiwa umeme na kutaka mshumaa: "Prof, leo Mwadingusha iko coupé! Tutafute bougie?"

Prof hakucheka. Alikimbia machinjioni na thermos ya nyumbani, akaijaza maji ya tumbo la ng'ombe mwenye afya, yakiwa bado na joto, akamnywesha mgonjwa wake ili vijidudu wapya waanze kazi. Maziwa yakarudi. Thermos haikurudi mezani. Mke wake, Mama Christiane, alimwambia mbele ya majirani: "Weye Octave, hii thermos njo ya bangombe sasa. Miye chai siwezi kunywa mule tena!"

Tangu hapo hakuna ng'ombe anayepewa mafuta kabla Prof hajaweka ngumi ubavuni mwake, upande wa kushoto, na kungoja tumbo lijiviringishe, dalili kwamba linafanya kazi. Sisi sote tumesimama hapo, ngumi ubavuni, huku yeye akinong'ona: "Ngombe anasemaka na tumbo. Mutulie, musikilize."

Sasa Madame Josée, mkuu wa shule, amesema wazi: tukiweza kumlisha Koni, mjukuu wa Mwadingusha, chakula chenye alizeti wakati wote wa likizo bila maziwa kupungua, ng'ombe watabaki. Tusipoweza, watauzwa, kwa kuwa mwalimu mwingine wa zizi hajapatikana. Tumekubali! Tumeanza wiki hii, na darasa limenichagua kuwa mwenye ngumi.

Prof, asante kwa kutufundisha kufurahi na kukagua siku ileile. Kwenye sherehe ya kukuaga utapokea thermos mpya, nayo itakabidhiwa mkononi mwa Mama Christiane. Mungu akupe miaka mirefu, usingizi wa kutosha na chai ya moto.

Ila kuna neno moja, na tafadhali ulijibu leo kabla ya malisho ya jioni. Asubuhi hii tumbo la Koni limejiviringisha polepole kuliko jana. Anakula, lakini anachelewa kumaliza. Mimi nasema tupunguze alizeti, wenzangu wanasema tungoje. Je, Prof, ngumi yangu imesikia vizuri?