Mama Kamakshi na Veena Iliyopumzika Siku ya Uhuru

Tarehe 14 Desemba 1979, Mama Kamakshi Venkatesan anastaafu baada ya kuitumikia shule yetu ya Nchelenge kwa miaka kumi na minne, hesabu asubuhi, muziki jioni. Upande wa Kiingereza wa programu hii wameuandika wengine. Mimi Florent Mulumba, mwalimu wa Kifaransa, nimepewa huu wa Kiswahili kwa ajili ya wageni wetu wa ng'ambo ya ziwa, nami sikusudii kununa.

Alizaliwa Tanjavur, kusini mwa India, akafundishwa veena na shangazi yake tangu utotoni. Veena ni zeze kubwa la nyuzi saba, tumbo lake la mti wa mfenesi. Kabla ya kuolewa alikuwa akipiga kwenye redio ya Madras. Alipomfuata mumewe, mwalimu mwenzetu, hadi huku kwenye ziwa Mweru, alishuka kwenye basi na sanduku refu la mbao. Wavuvi wa Kabuta, kijiji cha hapa ziwani, wakavua kofia. Mama Régine, mchuuzi wa samaki kutoka Zaire, akaanza kulia kabla hata hajauliza amefiwa na nani. Sanduku lilipofunguliwa walicheka mpaka wakasahau samaki juani, na Mama Régine na Mama Kamakshi ni marafiki hadi leo.

Joto la Oktoba likilainisha nta inayoshika vipande vya shaba shingoni mwa veena, yeye hununua nta ya nyuki Kafutuma, akaichanganya na masizi, akavipanga upya kwa sikio tu. Kwaya yake ilishinda mashindano ya Mansa, ingawa mwenyewe alisema sauti za juu zilikuwa zinapanda mlima kwa baiskeli.

Mwaka 1974 Uhuru ulitimiza miaka kumi. Mgeni rasmi alikuja, na veena ilikuwa kwenye ratiba. Kumbe sikukuu iliangukia siku ambayo, kwa desturi ya kwao, ala hupambwa maua na kupumzishwa, isiguswe hadi kesho yake. Mkuu wa shule wa wakati ule akamwambia asipopiga, mkataba wake hautaongezwa. Mumewe alishafariki, na hapa ndipo palikuwa nyumbani kwake. Alikataa kwa upole, akaanza kufunga mizigo. Niliogopa sana.

Mgeni alipoiulizia veena, mkuu akasema mwenyewe amekataa kuipiga. Mama Régine akasimama kati ya wafanyabiashara: "Siku ya Mungu nyavu zetu zinalala pa inje, na samaki hazikimbiake. Muache chombo ya mama nayo ipumuzike."

Mgeni, mtoto wa wavuvi, alicheka akaahirisha safari ya kurudi. Kesho yake alikaa mkekani barazani kwa Mama Kamakshi pamoja na nusu ya Kabuta, veena ikapigwa mpaka chai ikapoa. Mkuu alifika mwisho; Mama akamsogezea nafasi. Mkataba uliongezwa juma lile lile.

Mama, mwaka ule walikutisha kwamba utaondoka, hukutikisika. Leo unaondoka kwa hiari yako, na wanaotetemeka ni sisi. Asante kwa kila kitu. Tunakuombea uzee mtamu huko Tanjavur. Sisi tutazoea polepole.