Jezi Iliyorudi Chafu

Ndugu zangu wa chama, mnanijua. Mwanamume aliyefika Landani na begi moja na darasa la saba, leo ana vani tano zenye jina lake ubavuni, hashtuki. Nilisema humu humu kwamba hakuna cha kunishangaza mji huu. Mlipiga makofi, nami nikayapokea.

Basi sikilizeni nilivyoanguka.

Ujanani nilicheza mpira kule mtaa wa Kingsbury, timu ya vijana wa Kihindi ambao wazazi wao walitoka kwetu Afrika Mashariki. Mweusi nilikuwa peke yangu. Nahodha ndiye aliyenileta. Tulikuwa tunapanga makatoni stoo moja. Tulibeba kombe. Mwaka jana kisa chetu kikatengenezewa filamu. Watengenezaji walinipigia mimi kwanza. Nikawajibu kibiashara: "Wekeni pesa mezani, ndipo nifungue mdomo." Hawakurudi. Wakaenda kwa nahodha, rafiki yangu wa miaka thelathini.

Tangazo la filamu likabandikwa stesheni. Kijana wa Kihindi mbele na mpira. Mweusi nyuma, nusu uso! Na mabao nilifunga mimi! Nawaambia kweli, wivu ulinishika. Nahodha akanipigia: "Kaka, nina kadi mbili za mwaliko, siku ya kwanza ya filamu. Njoo tukae pamoja."

"Kaa na sifa zako," nikamjibu, nikakata simu.

Miezi minane sikupokea simu yake. Hapa hapa nilimsema, mkacheka. Na filamu yenyewe sijaiona!

Binti yangu ndiye aliyenibana. Kiswahili anakisikia, hujibu kwa Kiingereza, lakini siku hiyo alijikaza: "Baba, wewe umeona? Hujaona. Sasa unakasirika nini?"

Nikaenda peke yangu, mchana, sinema ndogo ya mtaani iliyokuwa ikiirudia, kofia nimeishusha machoni.

Sasa, kwenye ile timu, kila wiki mama mmoja alifua jezi zote kwa zamu. Wiki moja yangu ilirudi chafu, kwenye mfuko wa peke yake. Niliivaa hivyo hivyo, nikafunga mawili. Sikujua ni mama yupi. Kwenye filamu nikamwona: mama wa nahodha, anaitenga jezi yangu asiifue. Na nahodha amesimama jikoni, anaona, amenyamaza.

Nani alimlazimisha kuyasema hayo? Nilidhani amejipamba, kumbe amejianika. Mwishoni wakaonyesha picha zetu za kweli. Ya kwanza ni yangu, na jezi yenye tope. Nililia, jamani, nikajimwagia soda.

Nikatoka moja kwa moja hadi dukani kwa nahodha. Akaacha kupima mchele.

"Umeiona?"

"Nimeiona. Mbona hukuniambia?"

"Niliogopa, kaka. Ndiyo maana nilitaka ukae kando yangu."

Mama yake, bibi kizee sasa, alikuwa kwenye kiti nyuma ya kaunta. Akanitazama kifuani. "Shati lina doa. Vua, nifue."

Nikalivua, ndugu zangu, mbele ya wateja.

Namshukuru binti yangu. Nawashukuru na ninyi wawili ambao hamkucheka nilipomsema. Siku ile mlinikera sana. Kama kuna mtu humu amemnunia mwenzake kwa jambo la kusikia, akaone kwanza, ndipo anune. Mimi kinyongo changu cha miezi minane kingekwisha siku ya kwanza, tena bure, kwa kadi ya nahodha. Mwishowe, tiketi, soda na bisi, nililipa pauni kumi na nne na peni hamsini.