Mwalimu Yuko Ukutani

Benchi letu linatazamana na geti la chuo cha kilimo, ubavuni mwa karakana ya baiskeli. Birika ni langu, maneno ni ya kila mtu. Asubuhi hiyo tulikuwa watatu: mimi, Spana mwenye karakana, na Wakili, ambaye mahakamani kafika mara moja tu, tena kama shahidi, na hakuitwa. Mara akaja mkwe wangu, mwalimu wa hapo chuoni, tai shingoni, akakaa, akaomba kahawa. Na ndiyo saa ya kipindi chake! Nikajua mambo yameharibika. Maana yeye na mkewe, binti yangu wa pili, wiki nzima hawasemeshani. Ananiambia mimi, "Mama, mwambie mwanao chumvi imezidi," na mwanangu kasimama hapo hapo na mwiko mkononi. Chanzo ni chuo. Kimetaka walimu wote wafundishwe kufundisha kwa kompyuta, na anayewafundisha ni huyo binti yangu. Siku moja kamwambia mumewe mbele ya wenzake, "Mwalimu, hapo hujaelewa. Rudia." Basi, nyumba ikawa baridi.

— Mkwe, leo huna kipindi?

— Ninacho, Mama. Kinaendelea.

— Kinaendelea na nani?

— Na mimi.

Spana akamkagua kuanzia viatu kwenda juu, kama baiskeli iliyoletwa bila mnyororo.

— Wewe si uko hapa?

— Hapa nipo, na darasani nipo. Nimejirekodi sebuleni, somo zima la udongo. Nikalirusha ukutani kwa projekta, nikawaambia wanafunzi, nisikilizeni. Nikatoka.

Kumbe! Ndiyo maana juzi wajukuu zangu walikatazwa hata kukohoa.

— Nani kakwambia utoke? nikamuuliza.

— Mafunzo yanasema somo liwe kwenye video. Limo kwenye video. Sasa mimi nibaki nifanye nini? Nijitazame?

— Hapo kasema! Wakili akapiga paja. Kisheria hawa ni watu wawili. Yule wa ukutani ndiye mwajiriwa. Huyu wa hapa ni jamaa yake tu.

— Haba na haba hujaza kibaba, akasema Spana.

— Kibaba cha nini?

— Cha walimu. Mmoja ukutani, mmoja kijiweni.

Nikamwambia mkwe, leo si ndiyo wakaguzi wanapita madarasani? Mwanangu alisema mwenyewe: mwalimu atakayeonekana hakuelewa, somo lake anapewa mwingine. Na huyu bwana kwenye hilo somo la udongo ndiko mvi zilikomtokea. Ukimnyang'anya udongo, umemnyang'anya nini? Atabaki na tai.

— Wakipita watanikuta nafundisha, akasema. Lakini jicho lilikuwa getini.

— Usiogope, fimbo ya mbali haiui nyoka, akasema Wakili.

— Nyoka ni nani hapo?

— Mkeo. Yaani, samahani bibi, mkaguzi. Yaani fimbo. Sijui, lakini yuko mbali.

— Mimi naona hatari nyingine, akasema Spana. Yule wa ukutani hazeeki. Miaka kumi ijayo wewe huna jino, yeye anang'aa vile vile. Mkeo akiwaweka pamoja, atamchagua nani?

— Spana, tafuta tairi uzibe!

— Sikiliza kwanza, bibi, dawa ninayo. Ajirekodi na mwingine wa nyumbani. "Mke wangu, habari za kazi. Chakula kitamu." Anamweka ukutani pale mezani. Ugomvi kwisha.

Na mkwe wangu, mtu aliyesoma mpaka macho yakadai miwani, akaanza kulifikiria!

— Na huyo wa nyumbani akigombana na wa chuoni? akauliza Wakili.

— Watasuluhishwa na huyu wa kijiweni.

Kichwa kikaniuma. Nikasema, jamani, mwanangu alinieleza hii habari siku moja jikoni. Video ni ya kutazamwa nyumbani, kabla. Halafu wakija darasani, mwalimu sasa... Hapo sufuria ikafurika, nikaikimbilia. Nusu ya pili sikuisikia.

— Hata mimi nusu ya pili sikuisikia, akasema mkwe, taratibu. Ndiyo siku ile ya "rudia". Nilikuwa nimenuna.

— Ungeuliza.

— Nimuulize nani, Mama? Mke wangu? Ninyooshe mkono mbele za watu, niseme mke wangu, sijaelewa?

— Usimwamshe aliyelala, utalala wewe, akasema Spana kwa huzuni. Hakuna aliyejua aliyelala ni yupi.

Ndipo akatoka getini msichana, begi bega moja, akavuka mpaka kwetu.

— Shikamooni. Mwalimu, samahani. Umetuuliza, "Kuna swali?" Tukanyoosha mikono. Halafu ukasema, "Vizuri, tuendelee."

— Marahaba, nikamwitikia mimi.

— Na wenzako? akauliza mkwe.

— Wengine wameshusha mikono, wengine wamekwenda zao. Amebaki yule mama wa mafunzo. Kaja kukaa dawati la nyuma, naye kanyoosha.

— Mama wa mafunzo? Mwembamba? Mwenye miwani?

— Huyo huyo. Nimemwambia, mama, yule wa ukutani hakuoni. Kasema anajua. Bado kanyoosha.

Benchi zima tukainamisha vichwa. Hata Wakili, ambaye usingizini anatetea watu, alikuwa anatazama vidole vyake vya miguu.

— Sasa mwalimu, nikamwambie aushushe?

Nilitaka kusema ndiyo, nikataka kusema hapana. Ugomvi wa ukoo huu wote ninao kichwani, kuanzia ule wa shamba la babu, lakini wa mtu kumnyooshea mkono mumewe aliye ukutani sikuwahi kuuona. Nikamwangalia Spana, Spana akamwangalia Wakili, Wakili akalitazama birika. Mkwe wangu akainuka, akaanza kuvuka barabara na kikombe changu mkononi, tai imemrukia begani.

— Mwalimu! akapiga kelele Spana. Haraka haraka haina baraka!

Ndiyo kwanza akaanza kukimbia.