Mama Celestine na Majani ya Kivulini

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika maabara yetu ya mimea hapa Kisumu, Mama Celestine Awuor anastaafu tarehe 30 Juni 2025.

Aliajiriwa kufagia. Kabla ya mwaka kwisha alikuwa akikusanya majani vichakani huko Bondo, na hakuna mwenye digrii aliyemfikia kwa kutambua mti kwa harufu tu. Aliyakausha kivulini, juu ya mikeka ya mafunjo, akiyageuza asubuhi na jioni. Mkaguzi mmoja alidhani ni mboga akauliza kama zinauzwa. Kesho yake Mama alimletea sukuma wiki ya shambani kwake.

Majani hayo ndiyo yaliyotupa furaha kubwa. Panya walioharibika ubongo kwa kiharusi walipopewa dawa ya majani hayo, ubongo wao ulichipua seli mpya, wakaanza tena kukumbuka njia ya chakula.

Kisha oveni ikanunuliwa. Aliyeinunua ni mimi, Hemedi Shakir, mkuu wa kitengo. Majani yalikauka kwa saa tatu badala ya siku tisa, nami nikatembea kifua mbele. Mama aliyanusa akasema, "Daktari, hii majani imeungua. Dawa imeenda na moshi." Nikamcheka. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na hapa mkuu mwenyewe ndiye aliyekuwa hasikii.

Kwa miaka miwili hatukuona seli mpya hata moja. Tulibadilisha panya, tukabadilisha darubini, kila kitu isipokuwa oveni. Wafadhili walitangaza kwamba watafunga mradi. Watu wakanong'ona kuwa matokeo ya kwanza tuliyapika. Nilikonda.

Ndipo Mama alipofungua kabati la mafagio akatoa magunia mawili. Tangu oveni ifike, kila mavuno alikuwa akikausha sehemu kivulini, na kuandika tarehe. Tulijaribu majani hayo. Siku Maryanne wa darubini alipopiga kelele kwamba seli zimerudi, niliketi sakafuni nikalia. Sijawahi kutua mzigo mzito kama ule.

Bado ni panya, si watu, lakini mradi uko hai. Oveni siku hizi inakausha chupa.

Mama, sikuwahi kukuomba msamaha. Nakuomba leo, mbele ya wote. Asante kwa kutotusikiliza. Nenda salama, maisha yakuendee vyema, na sasa kaa kivulini wewe.