Generose Nyandwi, Mama Sosiale wa Mulongwe (1948–2003)

Ndugu na jirani, anayewasomea ni Gaspard Minani, mdogo wake marehemu. Familia ilinipa kazi hii jana mchana. Nitasoma kama nilivyoandika.

Generose Nyandwi alizaliwa Sange, katika bonde la Ruzizi, tarehe 14 Machi 1948. Alikuwa mtoto wa saba wa wakulima wa pamba, na jina lake kwa Kirundi linasema hivyo: wa saba. Mimi nilimfuata.

Alisoma shule ya msingi kwa masista. Mwaka 1964 uasi ulipofika bondeni shule ilifungwa, akalima miaka miwili pamoja na mama yetu. Kisha alirudi darasani, na tarehe 2 Julai 1969 alipata cheti cha huduma za jamii huko Bukavu.

Mwaka huohuo aliajiriwa na kiwanda cha pamba hapa Uvira. Kazi yake ilikuwa kuangalia zahanati ya wafanyakazi, wajawazito, watoto, na wazee waliostaafu. Hapo watu walianza kumwita Mama Sosiale. Mizani ya watoto haikuwepo, basi aliwapima kwenye mizani ya pamba. Siku moja mpimaji, kwa mazoea tu, alimfunga mtoto mchanga karatasi mguuni: «Pamba, daraja la kwanza.» Dada alipenda kusimulia habari hiyo, na kila mara alianza kucheka kabla hajafika mwisho.

Mwaka 1975 mkurugenzi alitaka kufunga zahanati. Alisema inakula faida. Dada alimpelekea madaftari ya mahudhurio ya miaka sita, akamwonyesha siku ambazo mashine zilisimama.

«Bwana direkta,» alimwambia, «mashine haiharibikake. Inasimama sababu muntu iko nyumbani, anachunga mutoto mugonjwa.»

Zahanati ilibaki miaka kumi na minane zaidi.

Tarehe 22 Agosti 1970 alifunga ndoa na Ildephonse, fundi mitambo wa kiwanda hichohicho. Walikaa Songo. Mungu aliwapa watoto watatu: Anastase, Bernardine na Libérat.

Mnamo Oktoba 1996 vita iliingia Uvira. Kiwanda kilifungwa na hakikufunguliwa tena. Libérat, aliyekuwa na miaka kumi na tisa, alipotea katika njia ya kukimbia. Wazazi wake walirudi nyumbani mwezi wa Februari bila yeye.

Mwezi wa Januari 1998 dada alikusanya wanawake kumi na mmoja wauza samaki wadogo wa ndagala na unga wa muhogo katika soko la Mulongwe, wakaanzisha mituele, yaani chama cha kusaidiana, waliyoiita Tushikane. Kila Jumamosi kila mmoja alitoa kidogo. Aliyeugua au kujifungua alilipiwa matibabu, na wenzake walimwuzia bidhaa zake mpaka apone. Vita ya pili ilianza Agosti mwaka huo, lakini hawakuacha. Mmoja wao, Anne-Marie, aliyekuwa akiuza ndagala kwa sahani, alianza kununua magunia na kuyavusha mpaka Bujumbura. Nilimwuliza ujasiri huo aliutoa wapi. Alinijibu: «Zamani mutoto akigonjwa nilikuwa nauzisha biashara yote. Sasa siogope tena.» Mwaka 2000 wanachama walikuwa ishirini na mmoja, na meza zao sokoni zilikuwa zimejaa kuliko za wengine.

Sehemu inayofuata, dada mwenyewe alipokuwa mgonjwa aliniagiza isirukwe siku ya maziko yake.

Mwezi wa Machi 2001 shemeji Ildephonse, ambaye hakuwa na kazi tangu kiwanda kifungwe, aliwaomba wanachama wanunue mtumbwi wa motere, yeye auendeshe.

«Franga inalala tu mu sanduku,» alisema. «Mutumbwi itaizalisha.»

«Franga hailale,» dada alimjibu mbele ya wote. «Sisi njo tunalala muzuri, kwa sababu iko pale.»

Walipiga kura. Kumi walikubali, kumi walikataa. Ilibaki kura ya dada. Aliniambia kwamba alimtazama mume wake, akaona miaka mitano ya kukaa mlangoni bila kazi, akainua mkono kukubali.

Miezi mitano mtumbwi ulifanya kazi vizuri, na kila mtu alipata. Tarehe 19 Agosti 2001, ziwani kusini ya Kalundu, watu wenye silaha waliuchukua. Shemeji alikuwa ndani. Hatukupata mtumbwi wala yeye.

Sanduku lilikuwa tupu, na michango ya Jumamosi ilikuwa imesimama. Tarehe 3 Novemba mwanachama kijana, Délice, alishikwa na uchungu wa kuzaa. Alijua kwamba anahitaji kupasuliwa, akabaki nyumbani akingoja mume wake akope. Alifariki pamoja na mtoto. Dada ndiye aliyemwosha. Jumamosi iliyofuata alikwenda sokoni, akaweka sanduku mezani, akawa wa kwanza kutoa. Kisha aliomba iandikwe kwamba mali ya wagonjwa isiguswe kwa biashara yoyote. Jina lake mwenyewe alilifuta kwenye orodha ya wanaosaidiwa. Aliendelea kutoa fungu lake kila wiki.

Mwaka huu, mwezi wa Aprili, miguu yake ilianza kuvimba. Munganga, yaani daktari, alisema ni figo. Anne-Marie alikuja na wenzake kumpeleka hospitalini, akakataa.

«Minye siko mu liste,» alisema.

«Liste tunaandika sisi,» Anne-Marie alimjibu.

Alikataa wiki tano. Tarehe 4 Juni hakuweza tena kusema, wakamwandika, wakambeba. Alifariki Jumatatu, tarehe 9 Juni 2003, saa kumi na moja alfajiri. Munganga alisema angekuja mapema angeweza kuishi zaidi. Wanachama waliokuwa pale walisikia, na mimi nilisikia.

Marehemu ameacha watoto wawili, Anastase na Bernardine. Wajukuu wawili, Merdi na Ornella. Mdogo wake, ambaye ndiye mimi. Na wanachama arobaini na mmoja wa Tushikane. Kuhusu mume wake Ildephonse na mtoto wake Libérat, familia ilikaa jana kuandaa karatasi hii na haikujua iwaandike kati ya walioachwa au kati ya waliotangulia. Tumewaandika hapa mwishoni, peke yao.

Dada Generose, Mungu akupe amani, upumzike.