Gari Lililompigia Magoti Roselyn Nabwire

Mchungaji, wazee wa Busiu, shemeji yangu Maxwell, majirani wa Nkoma na nyinyi mliotoka Jinja asubuhi ya leo, mimi ni Gordon Ouma, kaka wa marehemu, na familia imenipa kazi hii ya kusoma maisha yake, ingawa yeye mwenyewe angesema nitayarefusha.

Dada yetu Roselyn Nabwire alizaliwa tarehe 11 Mei 1972 huko Walukuba, Jinja, mtoto wa nne wa Mzee Ouma, aliyekuwa fundi mitambo katika kiwanda cha nguo, na Mama Seraphine, na alipofika miaka mitatu alishikwa na homa kwa siku tano, homa ikaondoka na nguvu za miguu yake yote miwili.

Alianza shule ya msingi Februari 1980, nami nikiwa na miaka kumi na miwili ndiye niliyempeleka mgongoni kila asubuhi, na njiani alinisimulia ndoto zake za usiku, kwa kuwa Roselyn aliota sana na hakusahau hata moja. Ndoto iliyomrudia mara nyingi ni ya gari lililofika mlangoni petu bila kelele, likapiga magoti mbele yake kama binti wa Kisoga anavyowasalimia wakubwa, naye akaingia mwenyewe, likaondoka naye juu ya maji ya mto, polepole, hadi mahali asipopajua. Mimi nilicheka, kwa sababu gari la kwetu wakati ule lilikuwa mgongo wangu, na Septemba 1985, kanisa lilipomletea baiskeli ya matairi matatu naye akanishukuru na kuniambia basi, hatabebwa tena, nilinuna wiki nzima, na leo nakiri mbele yenu kwamba niliumia.

Alisomea ushonaji, akahitimu Novemba 1993, na Januari iliyofuata akaajiriwa kufundisha cherehani katika chuo cha ufundi Jinja, kazi aliyoipenda kuliko chakula. Tarehe 11 Desemba 1999 alifunga ndoa hapa Mbale na Bwana Maxwell Mutenyo, fundi wa kuchomelea vyuma, wakajaliwa mabinti wawili, Juliet mwaka 2001 na Mitchelle mwaka 2004, wakaishi Nkoma, na kwa kuwa Roselyn hakuiacha kazi yake, kila Jumatatu alikwenda Jinja na kila Ijumaa alirudi.

Wengi hapa hamjui safari zile zilikuwaje. Alinyanyuliwa na makondakta wa teksi, yale mabasi madogo ya abiria, kama gunia la mahindi, kila mmoja akishika alipotaka, naye akifumba macho mpaka yaishe, na tarehe 3 Oktoba 2014 walimwangusha, akavunjika mfupa wa bega, akalala nyumbani miezi mitatu. Maxwell akamsihi aache kazi. Akakataa, akasema akiacha kwa sababu ya mlango wa gari, basi mlango huo ndio utakuwa mume wake.

Shemeji akaingia karakana. Alitengeneza daraja la chuma la kukunjwa, la kupandishia kiti cha magurudumu cha mkewe garini, akakubaliana na dereva Zubairi, mwenyekiti wa steji, kituo cha teksi za njia ya Jinja, waondoe kiti cha nyuma cha teksi yake, na vipimo akavichukua Jinja, gari likiwa limeshajaa watu na ndizi, tayari kuondoka. Ijumaa tarehe 18 Machi 2016 Roselyn alipanda mwenyewe, wa mwisho, vizuri kabisa. Lakini walipofika Mbale, abiria kwa heshima zao wakashuka wote kwanza ili kumpisha, gari likapungukiwa mzigo, nyuma ikainuka, na daraja lile likawa kali kama paa la nyumba. Kondakta akanyoosha mikono, akamwambia, "Mama, acha mimi nabeba wewe, wewe iko nyepesi." Roselyn akashika magurudumu yake, akawaambia abiria, "Rudini ndani mkae, tafadhali, nikishuka mimi ndipo mtashuka."

Wakaguna, lakini wakarudi, watu kumi na watatu na kuku wao, wakakaa, na gari likashuka taratibu kwa nyuma, likainama mbele ya steji nzima, naye akateremka. Aliniambia baadaye kwamba hakusikia kelele yoyote ya mjini, alisikia maji tu. Tangu siku ile ikawa sheria ya steji kwamba mwenye kiti cha magurudumu hupanda wa mwisho na kushuka wa kwanza, Maxwell akarefusha daraja, na kufikia mwaka 2023 teksi sita za njia hii zilikuwa nalo, kila moja kwa kelele za dada yangu, kwa maana Roselyn alijua kusumbua watu.

Mwezi Februari mwaka huu alianza kuugua figo, akatibiwa hapa Mbale, na siku za mwisho alilala sana na kuamka akitabasamu, akitutajia barabara ambazo hatuzijui, hadi asubuhi ya Jumamosi, tarehe 6 Septemba 2025, alipolala asiamke, akiwa na miaka hamsini na mitatu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Nkoma waliopika na kukesha nasi, walimu wenzake wa Jinja, na madereva wote wa steji. Nilikuwa nimepanga vijana wanne wenye nguvu wasimame barabarani, wawabebe wageni wetu wenye viti vya magurudumu watakapofika, na sasa nikiinua macho nawaona saba, wamekaa hapo mbele tangu ibada ianze, wala sikujua wamefika saa ngapi, kwa sababu hakuna aliyeniita.

Lala salama, dada, upumzike kwa amani ya Mungu.