Turubai Jeupe la Babu Yefim

Mheshimiwa uliyekuja kwa niaba ya ubalozi wetu, Padri wa kanisa la Warusi, akina papa na maman wa Kivu mliowahi kufika kama kawaida yenu, na ndugu zangu wa Tanzania na Kenya mliochelewa kama kawaida yetu: karibuni, na poleni.

Nasema poleni kwa sababu naona mnavyoukodolea macho ukuta ule. Ni mimi, Nuru, mwenyekiti wa chama chetu, niliyewaalika kwenye arobaini ya Babu Yefim, nikawaahidi maonyesho ya picha zake zote. Na mnachokiona ni turubai moja tu la kuchorea, jeupe, halina hata doa. Nimeduwaa kama ninyi. Kama nasemasema ovyo, mnisamehe.

Nani hapa hakumjua Babu? Alizaliwa Urusi, kando ya mto unaoganda mpaka watu wanapita juu yake na mizigo. Vita vilimnyakua kijana, vikamtupa Ujerumani kufanya kazi ya utumwa, na vilipokwisha akaishia hapa Ixelles, mtaani kwetu. Vibao vya saluni zetu karibu na Porte de Namur, vile vya akina dada wenye misuko inayong'aa, nani alivichora kama si yeye? Kifaransa chake kilikuwa cha Kirusi, na Kiswahili chake, kwa kukaa na majirani, kilikuwa cha Butembo, kule Kivu. Sisi watu wa Tanga tulimcheka, naye akatucheka zaidi.

Kila Jumamosi alitukaribisha chumbani kwake kwa chai na hadithi za bibi yake, huku mkono wake ukichora anachokisimulia. Tulimwona dubu akiomba kulala juu ya jiko la ajuza. Tulimwona mwanamke aliyesuka ndevu za mto ulioganda. Kisha, kabla ya hadithi mpya, alikuwa na swali lake: "Hadisi ya ile siku, mulipeleka wapi?" Mmoja wetu akijibu kwamba amemsimulia fulani, Babu alicheka, akatugeuzia mgongo, akaanza kuchanganya rangi. Sisi tulidhani ni mazungumzo ya chai!

Leo asubuhi ndugu yetu Rigobert alikwenda kuzichukua picha. Akakuta moja. Hakuna kabati, hakuna stoo, hakuna nyingine chini ya kitanda. Alipolileta turubai hapa tukaona unene wake, na pembeni, pale rangi ilipobanduka, tukaona nyekundu juu ya buluu, buluu juu ya kijani, kama maganda ya kitunguu. Ndugu zangu! Miaka yote ile alikuwa akichora juu ya turubai lilo hilo! Hadithi ikishapata mtu mwingine wa kuibeba, aliifunika, na ya mwisho aliifunika kwa rangi nyeupe. Mbele ya macho yetu aliifunika, na ruhusa tulimpa wenyewe.

Hapo ndipo Maman Kahambu alipopiga ukelele. Mnajua alivyofika nchi hii, vita nyuma yake, nyumba imeungua, hana hata picha moja ya kwao. Alimhadithia Babu, kama wengi wetu tulivyomhadithia za kwetu, nyumba yake ya Butembo, naye Babu akaichora, dubu wake wa Kirusi amekaa kwenye veranda. Leo Maman alikuja kuichukua.

"Donc nyumba yangu inaungua mara mbili?" alilia. "Rigobert, kwangua! Kwangua mpaka uifikie!"

Rigobert akashika kisu. Mimi nifanye nini? Nimzuie mama anayeitafuta nyumba yake? Au niache hadithi zenu zote zilizo juu yake zigeuke makombo sakafuni? Niliona giza, wallahi.

Ndipo aliposema Abigaël, binti wa dada yake Maman, anayefanya kazi hospitalini Jette. Amezaliwa hapa. Butembo hajawahi kuikanyaga. Akasema polepole: "Maman, mulango ni ya kijani. Inafungwaka na kamba, sababu cadenas, ile kufuli, iliibiwa. Ku veranda kuko mashine ya kushona ya koko, mama yako, na dubu anaiogopa."

Maman Kahambu alimtazama binti yule kama anayemwona mara ya kwanza.

"Nani alikuambia?"

"Ni weye, Maman. Ndani ya bus, ile jioni ulitoka kwa Papa Yefim."

Maman akakaa chini. Halafu akanyoosha mkono, akachukua kile kisu kutoka kwa Rigobert, akakiweka ndani ya mkoba wake. "Mashine ilikuwa ku dirisha, si ku veranda," alisema. "Sema tena, lakini sema muzuri."

Babu aliwahi kuniambia kwamba kwao picha zote za ukutani ziliungua pamoja na nyumba, zikabaki hadithi za bibi tu, kwa kuwa zilikuwa zimekwisha kutoka mlangoni na waliosimuliwa. Nilimwitikia kwa adabu nikaomba sukari. Leo ndipo nilipomsikia.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, sina utepe wa kukuomba ukate. Nawashukuru nyote kwa kunitegea sikio. Abigaël, mwanangu, njoo mbele utufungulie maonyesho kwa hadithi ya nyumba ile. Na ninyi wengine jiandaeni, kwa sababu akimaliza nitapita kiti kwa kiti nikiuliza: ile hadithi ya kwako, uliipeleka wapi?